Padre Akija Wodini Si Dalili ya Kifo



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo za watoto, choo bora na chakula cha mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba tukae kidogo kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena kwa dawa tulizo nazo. Wagonjwa wa namna hii wapo katika kila kigango. Wengine wana saratani, wengine moyo au figo zimechoka, wengine wamepooza miaka mingi. Ndugu zao hutuuliza sisi wauguzi: "Sasa tufanye nini, maana hospitali imeshindwa?" Jibu letu ni kwamba kuponya kunaweza kushindikana, lakini kuuguza hakushindikani. Na katika kuuguza huko imani yetu ina kazi kubwa. Ikitumiwa vizuri inamtuliza mgonjwa. Ikitumiwa vibaya inamwongezea maumivu. Tumeyaona yote mawili.

MAMA WA KITANDA CHA DIRISHANI

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, tulimpokea mama mmoja mwenye umri wa miaka 41. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa amekwisha kupelekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapigwa mionzi, akapata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi. Alilala ameelekea ukutani, hali, hasemi, usiku hapati usingizi. Siku moja tukitandika kitanda tulikuta vidonge vya maumivu tulivyokuwa tukimpa, vyote amevifunga kwenye pindo la kanga. Tulipomwuliza alijibu kwa sauti ndogo: "Mama nesi, waliokuja kuniombea wamesema nikimeza dawa nitakuwa sina imani. Nikivumilia, Yesu ataona."

Siku hiyo hiyo wifi yake alituita nje ya wodi. "Tafadhalini, padre asije. Akimwona padre atajua anakufa." Huyu alikuwa mama wa WAWATA, aliyeimba kwaya tangu usichana, na sasa alikuwa na miezi mitatu bila Komunyo kwa sababu nyumbani waliogopa hata kulitaja jina la paroko.

Nasi tunakiri kosa letu. Kwa siku tisa tulinyamaza. Wodi ilikuwa imejaa, wengine wamelala wawili wawili, tukajiambia kwamba hayo ni mambo ya familia, tukampita na toroli la dawa. Usiku wa kumi, saa tisa, mmoja wetu aliyekuwa zamu alimkuta analia bila sauti. Akauliza swali moja tu: "Nimemkosea Mungu nini?"

JE, UGONJWA NI ADHABU?

Swali hilo ni la zamani. Mitume wenyewe walimwuliza Yesu juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili (Yn 9). Ayubu naye alipopigwa na majipu, marafiki zake watatu walifanya jambo jema mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walikosea walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, hamkasirikii Ayubu.

Kwa upande wa utabibu, tunajua kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, nacho kimeenea mno, hivi kwamba watu wengi hukutana nacho wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake hubaki miaka mingi na kuanza kubadilisha ngozi ya mlango wa kizazi kidogo kidogo. Hata mke mwaminifu anaweza kukipata ndani ya ndoa yake. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, tusimtazame mgonjwa huyu kwa jicho la pembeni, wala tusiseme amerogwa. Anaumwa, basi.

KUMEZA DAWA SI KUKOSA IMANI

Hapa ndipo tunapoumia sana sisi wauguzi. Wapo watu wenye nia njema wanaowaambia wagonjwa waache dawa ili waonyeshe imani. Mwingine huacha za shinikizo la damu, mwingine za kifafa, mwingine za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Baada ya muda wanaletwa kwetu kwenye machela, na wale waliowashauri hawapo.

Kanisa halikufundisha hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuagiza tumheshimu mganga kwa kuwa ni Mungu aliyemweka, na kinaeleza kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Muumba, wala mwenye busara hazidharau. Sura hiyo hiyo inamwambia mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake. Sala na dawa havigombani.

Kuhusu maumivu, tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili alizungumza na madaktari wa dawa za usingizi. Aliwaeleza kwamba Mkristo halazimiki kuteseka bila dawa, na kwamba ni halali kutumia dawa kali za kutuliza maumivu pale zinapohitajika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha hivyo hivyo. Ni kweli kwamba mateso yanaweza kuunganishwa na mateso ya Kristo, lakini hiyo ni sadaka ya hiari ya mgonjwa mwenyewe. Hakuna mwenye haki ya kumtwisha mwenzake msalaba halafu akarudi kwake kulala. Na mtu anayelia kwa maumivu usiku kucha hawezi hata kumaliza Baba Yetu moja.

MOFINI NI NINI?

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilieleza namna ya kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi. Maumivu madogo hutulizwa kwa dawa kama panadoli. Yakizidi, kwa dawa kama kodeini. Yakiwa makali, kwa mofini. Mofini ya maji hunywewa kwa mdomo, na mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani kwake. Watu huiogopa, wakidhani ni dawa ya kumaliza watu au ya kuwafanya walevi. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa mtu mwenye maumivu makali, haimuui wala haimgeuzi mlevi. Lakini ina masharti yake:

1. Hunywewa kwa saa, mchana na usiku, kila baada ya saa nne. Usisubiri maumivu yarudi ndipo utoe. Mara nyingi daktari huagiza kipimo cha kulalia kiwe maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane.

2. Hufunga choo. Kwa hiyo mgonjwa hupewa na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

3. Siku za mwanzo anaweza kusinzia au kuhisi kichefuchefu. Kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Akisinzia kupita kiasi au akipumua polepole sana, wajulisheni wauguzi mara moja.

4. Kipimo ni cha mgonjwa huyo peke yake. Asipewe mwingine hata akiumwa vipi. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na itakayobaki irudishwe hospitali.

MAUMIVU YA AINA NNE

Mwingereza mmoja, Cicely Saunders, alianza kazi akiwa muuguzi, kisha akasomea ustawi wa jamii, na mwisho udaktari. Mwaka 1967 alifungua London nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, iliyopewa jina la Mtakatifu Kristofa. Kutoka kwake tulijifunza kwamba mgonjwa huumwa pande nne kwa pamoja. Mwili unauma. Moyo unauma kwa hofu na huzuni. Mambo ya jamaa yanauma: watoto watalelewa na nani, deni litalipwaje, ndugu amenuna. Na roho nayo inauma: Mungu yuko wapi? Upande mmoja ukiachwa, na mingine haitulii. Afrika ya Mashariki kazi hiyo ilishika mizizi miaka ya 1990, kwa kufunguliwa Nairobi Hospice mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993.

Tulipomtazama mama yetu kwa njia hiyo tuliona kwamba tulikuwa tumeshughulikia upande mmoja tu, na huo nao haukufanikiwa, maana dawa ilikuwa kwenye pindo la kanga.

MPAKO WA WAGONJWA

Zamani sakramenti hii iliitwa mpako wa mwisho, na jina hilo ndilo lililoleta hofu. Padre akionekana na mafuta, watu walianza kutafuta mbao. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza kwamba inafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si ya wale tu walio katika saa ya mwisho. Papa Paulo wa Sita akatoa taratibu mpya mwaka 1972. Mgonjwa hupakwa mafuta kwenye paji la uso na mikononi. Kwa kawaida ni mafuta ya zeituni, lakini mahali yasipopatikana mafuta mengine ya mimea yanaruhusiwa. Msingi wake ni Waraka wa Yakobo, sura ya 5, pale mgonjwa anapoambiwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta.

Anayeweza kupakwa ni Mkatoliki aliye na ugonjwa mzito, anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa mkubwa, au mzee aliyedhoofika hata kama hana ugonjwa maalumu. Akipona na kuugua tena, au ugonjwa ule ule ukizidi, anaweza kupakwa mara nyingine. Aliyezimia anaweza kupakwa ikiwa tunaamini angeiomba akiwa na fahamu. Lakini maiti hapakwi, anaombewa. Wanaoweza kutoa sakramenti hii ni askofu na padre tu. Katekista, mtawa na sisi wauguzi tunaweza kusali na mgonjwa, si kumpaka.

Kwa hiyo msingoje hadi ulimi uzito. Tunamkumbuka mzee mmoja ambaye watoto wake walikwenda mbio kumwita padre saa ya nane ya usiku. Padre alipofika mzee alikuwa hasemi tena. Alipakwa, tukashukuru. Lakini mkono wake ulikuwa ukimwashiria mwanawe mkubwa jambo fulani, na hadi leo mwana huyo hajui lilikuwa lipi.

Padre anapotarajiwa nyumbani, tandikeni kitambaa safi juu ya meza ndogo, wekeni msalaba, mshumaa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Mpangeni afike baada ya dawa ya maumivu kushika, ili mgonjwa aweze kufuatilia. Kama ana shida ya kumeza, mwambieni padre mapema. Kipande kidogo sana cha Hostia kinatosha. Kisha watu wote watoke nje kidogo, mgonjwa apate nafasi ya Kitubio. Hata wodini sisi huweka pazia na kusogea mbali.

ILIVYOKUWA KWA MAMA YETU

Asubuhi baada ya usiku ule wa kumi tulikaa na mume wake na wifi yake. Tuliwaeleza kwamba mgonjwa anajua hali yake kuliko wanavyodhani, ila hana wa kuzungumza naye, kwa sababu kila mmoja anamficha mwenzake. Mume alilia. Akasema, "Nendeni mkamwite."

Padre alifika Jumamosi alasiri kwa pikipiki, viatu vimejaa tope. Hakuanza na kitabu. Alivuta kigoda, akauliza, "Mama, leo unaumwa wapi?" Wakazungumza muda mrefu. Alipokwisha kumpaka na kumpa Komunyo alimwambia kuwa dawa ile nayo ni zawadi ya Mungu. Jioni hiyo mama akanywa mofini kwa mara ya kwanza. Alilala toka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Alipoamka alituambia amesikia jogoo, akadhani yuko kwake.

Siku ya tatu aliomba aitwe mdogo wake. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka sita kwa sababu ya shamba la kahawa la marehemu mama yao. Mdogo mtu alifika juu ya lori la mahindi. Hatujui walisemezana nini. Tulichoona ni kwamba tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Hakupona. Tunasema hivyo wazi, maana hatupendi msomaji adhani Mpako ni hirizi. Aliruhusiwa kwenda nyumbani, jumuiya ikapanga zamu, akaishi wiki saba. Baada ya mazishi mume wake alituletea chupa ya mofini iliyobaki pamoja na daftari la shule. Binti yao wa darasa la saba alikuwa ameandika kila siku: saa 12, saa 4, saa 8, saa 12, saa 4, na alama ya vema mbele ya kila saa. Hakukosekana alama hata moja mpaka mstari wa mwisho.

TUNAPOKWENDA KUMTAZAMA MGONJWA

Wanajumuiya, tunawaomba mzingatie haya:

Kwanza, kaeni chini. Anayesimama mlangoni anaonekana ana haraka. Dakika kumi za kukaa zinatosha.

Pili, mwulizeni mgonjwa kama anapenda sala, na iwe fupi. Kumi moja la Rozari kwa sauti ya chini hutuliza kuliko sala ya saa nzima ya kupaza sauti. Akikataa leo, msikasirike.

Tatu, msimwambie "utapona tu" wala "ni mapenzi ya Mungu." Mwambieni, "Tupo nawe." Bwana wetu mwenyewe pale Getsemani aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye.

Nne, nendeni na mikono ya kazi: kuteka maji, kufua shuka, kupika uji. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Kinywa chake kisafishwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Asilazimishwe kula, vijiko viwili vitatu anavyotaka mwenyewe vinatosha. Hata akiwa hajibu, endeleeni kumtaja jina na kuzungumza naye kwa upole.

Tano, mtazameni na anayemuuguza. Yeye naye huchoka, huota ndoto mbaya, hukasirika kisha hujilaumu. Mpokeeni zamu usiku mmoja kwa wiki alale, na Jumapili mbakie na mgonjwa ili yeye apate Misa.

BERNADETA ALIKUWA MGONJWA

Tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, ni Siku ya Wagonjwa Duniani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliiweka mwaka 1992 na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Wengi tunajua kwamba mwaka 1858 Bikira Maria alimtokea msichana Bernadeta kule Ufaransa, na kwamba watu huenda kule kuomba uponyaji. Wachache hukumbuka kwamba Bernadeta mwenyewe alikuwa na pumu tangu utotoni. Alipokuwa mtawa huko Nevers alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa wa konventi, kisha akalala yeye, akafariki mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Chemchemi ilikuwa ya wengine. Na kule Lurdi kwenyewe ipo ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883, inayochunguza kila habari ya uponyaji kabla Kanisa halijasema neno. Kanisa haliogopi madaktari.

Kabla hatujaagana, tukumbuke kuwa saratani ya mlango wa kizazi inaweza kuzuiwa. Hapa Tanzania chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi, wapelekeni. Akina mama, njooni mpimwe mkiwa wazima. Ni kipimo cha dakika chache. Na ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usingoje mwezi uishe.

Na wewe uliye na mgonjwa ndani, pengine unasoma ukurasa huu ukiwa umekaa mlangoni pake. Mwulize leo, taratibu, kama angependa padre aje. Huenda amekuwa akingoja uulize.